Kamba ya Mita Tatu na Nusu

Mtoto anaweza kuzidisha, kugawanya na kugeuza sehemu kuwa asilimia bila kusita, kisha akaangushwa na mstatili. Kifungua mimba wangu alikuwa hivyo. Karatasi za mtihani wa utamilifu ziliporudi, ile ya Hisabati ilikuwa na vema tupu kwenye kurasa za mwanzo. Kuanzia pale michoro ilipoingia, kalamu nyekundu ilikuwa imekata karibu kila kitu.

Septemba ilikuwa inakuja. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ni wa siku mbili na masomo sita. Karatasi ya Hisabati ina maswali 45: maswali 40 ya kuchagua jibu na kusiliba herufi, na matano ya mwisho ya kukokotoa na kuonyesha njia. Kikokotoo hakiingii chumbani. Mtoto asiyeelewa mzingo, eneo, ujazo na pembe hana pa kujificha, kwa sababu mambo hayo yanachomoza hadi kwenye maswali ya fedha na ya biashara: mkulima amezungushia shamba uzio, fundi amenunua marumaru, mama amejaza pipa.

Tunaishi Kihonda, Morogoro. Baba wa watoto ni dereva wa lori, na majuma yale alikuwa safarini. Nyumbani tulikuwa mimi, watoto, shemeji yangu fundi ujenzi anayelala chumba cha uani, na mama mkwe aliyeshuka kutoka Mgeta kuja kutuona. Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru, ni nchi ya mboga na mbuzi wa maziwa. Mama mkwe alifika na vyote viwili: kabichi na karoti kwenye kiroba, na mbuzi jike mweupe, zawadi ya wajukuu, ili mtahiniwa apate maziwa.

Swali lililomuumbua zaidi binti yangu lilikuwa la marumaru. Sakafu ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, marumaru ni za mraba, kila upande sentimita 20, zinahitajika ngapi? Eneo la sakafu alilipata sawasawa, mita za mraba 12. Eneo la marumaru moja pia, sentimita za mraba 400. Kisha akageuza mita za mraba kuwa sentimita za mraba kwa kuzidisha kwa 100, akapata 1,200, akagawanya, akasiliba herufi yenye jibu 3. Na jibu 3 lilikuwapo kweli, limekaa pale likimsubiri mtoto asiyejua kwamba mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000.

Shemeji aliisoma karatasi ile akiwa ametoka kazini, saruji bado imemganda kwenye kucha.

"Mwanangu," akamwambia taratibu, "chumba unacholala ni mita tatu kwa nne. Marumaru tatu utazitandika wapi?"

Binti akainamisha kichwa. "Sijui, ba'mdogo. Nilizidisha kwa mia."

Shemeji hakumpa kanuni. Alichukua chaki na futi, akasogeza meza ya sebuleni, akapiga mraba wa mita moja kwa mita moja sakafuni. Kila upande akaugawa mara tano, sentimita ishirini ishirini, akaunganisha mistari. "Hesabu vyumba." Binti akapiga magoti, akahesabu kwa kidole mpaka 25. "Basi mita moja ya mraba inakula marumaru 25. Chumba kina mita ngapi za mraba?" Kumi na mbili. Binti akatulia kidogo, midomo ikicheza, kisha akasema, "Mia tatu." Halafu, bila kuulizwa, akaweka rula juu ya mstari wa chini wa ule mraba, akaona sentimita 100 kwenda kulia na sentimita 100 kwenda juu, akasema mwenyewe kwamba ni mia mara mia. Toka siku ile hakurudia kosa hilo.

Mraba wa chaki ukabaki sebuleni. Kesho yake pembe ziliungana nao, kwa sababu kipimapembe nacho kilikuwa kinamtesa. Kifaa kile kina safu mbili za namba, moja inaanzia kushoto na nyingine kulia, na binti alikuwa anasoma yoyote iliyotangulia machoni. Pembe iliyo wazi kabisa aliiandikia nyuzi 60, wakati ni 120. Dawa yake tuliipata mlangoni. Tuliufunga mlango, tukachora mstari chini ya ukingo wake, tukaufungua kidogo kidogo na kuchora kila unaposimama: nyuzi 30, 60, 90 pale uliposimama wima na kizingiti, kisha 120. Sasa kabla ya kugusa kipimapembe anajiuliza kwanza: mlango huu umepita nusu ya kufunguka au bado? Ikiwa ni pembe kali, jibu haliwezi kuzidi 90. Ikiwa ni pembe butu, haliwezi kupungua hapo.

Jioni ile mjumbe wa mtaa alikuja kuchukua mchango wa ulinzi. Alisukuma mlango, akaona mistari inayotoka bawabani kama miale, mraba wenye vyumba 25 katikati ya sebule, na mama mkwe wangu amekaa pembeni na kaniki yake, anachambua kunde kimya. Mjumbe hakuvuka kizingiti. Alituuliza kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa ndani. Mama mkwe akamjibu, "Karibu, baba, huyu mjukuu wangu ana mtihani," na mjumbe akapokea mchango akiwa amesimama barazani, akaaga. Habari kwamba nyumba yetu imechorwa ilifika gengeni kabla yake.

Mama mkwe hakwenda mbali na shule, lakini katika kupima hana wa kumfundisha. Ana shibiri yake, ana mkono wake, na anajua shibiri mbili zinatimiza mkono mmoja na mikono minne inafanya pima. Binti alipokuwa anakariri kwamba mzingo wa duara ni kipenyo mara 22/7, bibi yake alimuuliza hiyo 22/7 imetoka wapi. Binti hakujua. Mwalimu alisema ndiyo inayotumika.

"Lete uzi," bibi akasema, "na ulete sufuria, mke mwenzangu."

Wakazungusha uzi kwenye mdomo wa sufuria, wakaubana kwa ukucha pale unapokutana, wakaunyoosha kwenye futi: sentimita 88. Kipenyo, kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati, sentimita 28. Wakachukua sahani yenye kipenyo cha sentimita 21, uzi ukatoa 66. Wakachukua kifuniko, kikombe, gurudumu la baiskeli ya shemeji. Kila walichozungushia uzi, kipenyo kiliingia mara tatu na kipande kidogo kikabaki, na kile kipande kilikuwa karibu sehemu moja ya saba ya kipenyo. Tatu na moja ya saba ni 22/7. Nilimweleza binti kwamba hesabu hiyo imepita mikono mingi: katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Archimedes wa Syracuse alilibana duara kati ya maumbo mawili yenye pande 96, moja ndani na moja nje, akaonyesha kwamba uwiano huo unazidi 3 na 10/71 lakini haufiki 3 na 1/7. Kwa hiyo 22/7 inazidi ukweli kidogo sana, na kwa kazi ya sufuria na mtihani inatosha.

Hapo ndipo pai ilipoacha kuwa alama ya kutisha kwenye daftari. Siku hiyo hiyo alikokotoa swali lile linalopendwa na watungaji, la duara linalogusa pande zote nne za mraba, utafute eneo lenye kivuli kwenye kona. Mraba wa sentimita 14 una eneo la 196, duara lake 154, kivuli 42. Akajaribu mraba wa sentimita 28: 784 toa 616, kivuli 168. Akagundua kwamba mara zote mbili kivuli ni 3/14 ya mraba. Ni kweli, na itakuwa hivyo kwa mraba wowote mradi unatumia 22/7. Nilifurahi zaidi kwa kuwa hakuna aliyemwambia atafute.

Pipa la uani nalo halikupona. Shemeji aliapa kwamba linaingia ndoo kumi za lita 20, kwa kuwa watu wote huliita pipa la lita 200. Binti akalipima kwa ndani: nusu kipenyo sentimita 28, kimo sentimita 84. Ujazo ukatoka sentimita za ujazo 206,976, na kwa kuwa lita moja ni sentimita za ujazo 1,000, ni karibu lita 207. Maji yalipotoka bombani walilijaza kwa kidumu kilichopimwa. Ndoo ya kumi iliisha na pipa likawa bado lina nafasi ya kidumu cha lita tano na zaidi. Shemeji alikubali mbele ya watoto wote, na toka hapo akawa anamwita binti "injinia".

Halafu ikaja Jumamosi ya mbuzi.

Kitabu chake cha marudio kilikuwa na swali la mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi kwa kamba ya mita 3.5: tafuta eneo kubwa kabisa analoweza kulisha. Binti akainua macho, akamwona mbuzi wa bibi amesimama kivulini, akasema, "Huyu hapa." Upande wa mashariki wa nyumba yetu kuna kiwanja chenye ukoka, na ng'ambo yake jirani yetu ana tuta la mchicha analolinyweshea asubuhi na jioni, mboga ile ndiyo inayompa hela ya matumizi. Bibi alipima kamba kwa mkono, akasema ni mikono minane kasoro vidole. Futi ya shemeji ikasema mita 3.5 kamili baada ya fundo. Wakapigilia kigingi. Kabla ya kumfunga mbuzi, binti aliivuta kamba ikanyooka, akazunguka nayo huku mdogo wake akimwaga majivu ya jikoni nyuma yake, mpaka duara likafunga. Mzingo mita 22. Eneo mita za mraba 38.5. Tuta la jirani lilikuwa nje ya mstari wa majivu kwa nusu mita hivi. Jirani mwenyewe alikuja, akaliangalia duara, akaridhika.

Kesho yake, Jumapili, tulikwenda kanisani. Tuliporudi tulimkuta jirani amesimama kando ya tuta, mikono kiunoni. Ule upande wa mchicha uliotuelekea ulikuwa umebaki vijiti. Majani yaliyoliwa yote yalikuwa nje ya majivu.

"Jirani," akaniambia, "mimi na wewe hatujawahi kukosana. Nani alimfungulia mbuzi?"

Hapakuwa na aliyemfungulia. Kamba ilikuwa mahali pake, fundo lile lile. Kigingi hakikuwa kimesogea hata unywele. Mstari wa majivu ulikuwa mzima. Mbuzi amelala katikati ya duara lake anacheua. Shemeji alisema labda kamba imelowa umande ikarefuka. Wakaipima tena, mita 3.5. Jirani akasema basi ni watoto, wamemfungua na kumrudisha. Mdogo wake binti, ambaye kwa kweli angeweza kufanya hivyo, akaanza kulia kwa kudhulumiwa. Mama mkwe akaomba wote tukae, na mbuzi aachwe.

Tulikaa. Binti alijilaza kifudifudi kwenye ukoka, kidevu juu ya mikono, akamtazama mbuzi. Mbuzi aliinuka baada ya muda, akatembea hadi kamba ikakaza, akasimama juu ya majivu. Shemeji alikuwa amemfunga mguu wa mbele, kama wanavyofanya wengi, ili asijinyonge shingo. Basi mbuzi akauacha ule mguu uliofungwa nyuma, umenyooka na kamba. Akatanguliza mguu mwingine, akashusha bega, akatoa shingo, akaivuta ikawa ndefu kuliko tulivyomjua, na mwisho kabisa akatoa mdomo wa juu, ule unaocheza kama kidole, akalikamata shina la mchicha lililobaki na kuling'oa.

"Kamba haiishii mdomoni!" binti akapiga kelele. "Inaishia mguuni!"

Akakimbilia futi. Toka kwato iliyofungwa hadi ncha ya mdomo, mbuzi akiwa amejinyoosha, sentimita 70. Nusu kipenyo hakikuwa 3.5 bali 4.2. Akaandika chini kwa kijiti, jirani ameinama anamfuatilia: 4.2 mara 4.2 ni 17.64, mara 22/7 ni 55.44. Toa 38.5. Mbuzi alikuwa na karibu mita za mraba 17 ambazo kitabu hakikumpa, na sehemu ya hizo ilikuwa tuta la jirani yetu.

Jirani akasimama, akajikung'uta khanga. "Kwa hiyo hakufunguliwa."

"Hakufunguliwa, mama," binti akamjibu. "Samahani sana kwa mboga yako."

Nampenda jirani yule kwa jambo alilofanya baada ya hapo. Alimpapasa yule mdogo kichwani, akamwambia asilie tena. Fidia tuliipanga pale pale bila mwenyekiti wa mtaa: maziwa ya mbuzi kila asubuhi mpaka mchicha mpya ukomae, na sisi tununue wavu wa kuzungushia bustani. Wavu uliopatikana ulikuwa mita 16.

Hapo mzingo na eneo vikaja kwa pamoja, na hilo ndilo jambo linalowachanganya watoto kuliko jingine lolote kwenye mada hii. Wengi huamini kwamba uzio ukiwa sawa, eneo nalo ni sawa. Binti alifunga uzi wa mita 16 kwenye vigingi vinne. Mita 7 kwa 1: eneo 7. Mita 6 kwa 2: eneo 12. Mita 5 kwa 3: eneo 15. Mita 4 kwa 4: eneo 16. Uzi ni ule ule. Jirani, aliyekuwa amepanga kuzungushia mita 6 kwa 2 kufuata ukuta, alishangaa kwa dhati. Lakini yeye naye alikuwa na la kumfundisha mtahiniwa. "Mraba wako mzuri, mwanangu, ila mkono wangu haufiki katikati. Nikikanyaga tuta udongo unashindilia." Tuta la mboga halitakiwi kuzidi upana ambao mkono unafikia. Wakakaa chini wote wawili na kijiti: ndani ya mita 4 kwa 4, matuta matatu ya upana wa mita moja na njia mbili za nusu mita. Mita za mraba 12 za kupanda. Mita 6 kwa 2, ikikatwa na njia moja ya nusu mita, ingempa 9. Jirani akachagua mraba. Watungaji wa vitabu wangejaliwa kuketi na mkulima mmoja wa bustani kabla hawajachora mstatili, mazoezi yao yangekuwa na uhai zaidi.

Mbuzi akahitaji banda. Shemeji alijenga lililoinuliwa, la mita 3 kwa 2, kama ya Mgeta. Kona alizipata kwa njia ya mafundi wote: uzi wa mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kati ya ncha mbili ipatikane 5. Hajawahi kusikia jina la Pythagoras. Nami nilimwambia binti kwamba Wababeli waliijua kanuni hiyo na kuiandika kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 1,000 kabla Pythagoras hajazaliwa, kwa hiyo ba'mdogo wake yuko kwenye ukoo mrefu. Banda lilipofungwa wakapima kutoka kona hadi kona, mara mbili. Zote mita 3 na sentimita 60. Wima.

Yote hayo mama mkwe alikuwa anayatazama. Usiku mmoja, watoto wengine wamelala, alimwita binti na kumwambia ana hesabu yake. Ana shamba la mpunga bondeni, upande wa Mvomero, na humo hukodisha ekari tatu kwa msimu. Marehemu babu alikuwa akilipima kwa miguu, hatua 70 kwa hatua 70 kwa kila ekari. Anayelikodi sasa anakuja na tepu, anapima mita 70 kwa mita 70, na kusema ni kitu kilekile. "Kila mwaka naona kilichobaki kinapungua. Nipimie."

Watu wengi nchini wanaamini ekari ni mita 70 kwa 70. Siyo. Ekari ni mita za mraba 4,047. Sabini ile ilikuwa ya hatua, na ina asili yake: ekari ni yadi za mraba 4,840, na yadi 70 kwa yadi 70 ni 4,900, karibu mno. Yadi, ile ya wauza vitambaa, ni sentimita 91 na kidogo, na hatua ndefu ya mtu mzima haipishani nayo sana. Tulimtembeza shemeji uani hatua kumi, zikatoka mita 9. Tepu ilipokuja, neno "hatua" likabadilishwa kuwa "mita" na namba ikaachwa ile ile.

Binti alikokotoa chini ya taa. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900. Toa 4,047, inabaki 853 kwa kila ekari. Kwa ekari tatu ni 2,559. Alirudia kugawanya mara mbili kabla ya kumtazama bibi yake. Kila msimu mama mkwe alikuwa anatoa zaidi ya nusu ekari bila malipo, kwa miaka. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama hiyo hesabu inaweza kuandikwa kwenye karatasi safi, na mchoro wake, ili aende nayo. Binti aliiandika kwa rula, akaweka vipimo vyote na njia yote, kama anavyotakiwa kufanya kwenye maswali matano ya mwisho. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizofanya mwaka ule. Mama mkwe aliikunja na kuifunga kwenye pindo la khanga. Msimu uliofuata shamba lilipimwa upya mbele ya mashahidi, na anayelikodi alikubali.

Septemba ilipofika binti aliingia kwenye chumba cha mtihani na rula na penseli, bila woga wa michoro. Alitoka akasema maswali ya maumbo aliyamaliza kwanza.

Walimu wetu wana madarasa yaliyojaa, na hawawezi kumpa kila mtoto sufuria, mlango na mbuzi. Sisi wa nyumbani tunavyo. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la saba, mpe futi jioni hii, mwache apime chumba, pipa na uwanja, na umuulize kila jibu linafanana na kitu gani anachokijua. Na wewe mwenye shamba la kukodisha, kabla ya mvua za masika nenda na mtoto huyo ukapime upya. Ekari moja yenye umbo la mraba ni mita 63 na sentimita 60 kila upande.